Breki ya Upande wa Mwalimu

Kuna watu wanaoogopa nyoka, kuna wanaoogopa mama mkwe, na kuna waliozaliwa bila kiungo cha kuogopea. Huyu bwana wetu, shule nzima ya udereva iliamini yumo katika kundi la tatu, ndiyo maana wakamwita Barafu. Miaka ishirini na moja amekaa kiti cha pembeni, akiendeshwa na watu wasiojua kuendesha. Hebu lifikirie hilo kidogo kabla hujaanza kutulilia kwamba kazi yako ni ngumu. Wamemtia mtaroni, wamempandisha juu ya maua ya watu. Mmoja, tena mwalimu wa hesabu, alimpeleka kinyumenyume mpaka mlangoni kwa muuza nguo, wakasimama na magauni mawili juu ya kioo. Barafu akashuka, akakung'uta suruali, akasema, "Taratibu. Turudie."

Walimu wa udereva wana sharti moja ambalo huwezi kulikuta kwenye kitabu: usimwoneshe mwanafunzi kwamba umeogopa. Akiona jasho lako atakumbuka kwamba aliyeshika usukani ni yeye, na hapo mmekwisha wote. Kwa hiyo mwalimu anameza. Anavuta pumzi, anaishikilia, anatabasamu, na mguu wake unangoja juu ya breki ya pili.

Wasiojua wasione haya, nitawaeleza. Gari la kufundishia lina breki mbili. Moja ya dereva, nyingine ya mwalimu, na kati yake kuna fimbo nyembamba ya chuma inayozifunga pamoja, ili mwalimu akikanyaga ya kwake, ya dereva ishuke nayo. Fimbo hiyo inashikwa na pini isiyozidi kidole chako cha mwisho. Basi kila asubuhi, kabla gari halijatoka, walimu wawili hulipima. Mmoja anakaa kwenye kiti na kukanyaga, mwingine anachutama kwenye mlango wa pili akitazama kama pedali ya dereva inashuka. Ikishuka anasema, "Ipo." Mwenzake anajibu, "Ipo." Gari linatoka. Barafu alipimiana na mwalimu mwenzake, mama mmoja mwenye sauti ya kuvunja vyombo, aliyeitwa Kengele, na kwa miaka tisa hawakukosa asubuhi hata moja.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, jua limeshakaa vizuri. Barafu yumo ndani ya gari la bluu na mwanafunzi wake, fundi cherehani, mwanamke mwembamba asiyevua tepu ya kupimia shingoni hata akiwa barabarani. Wanashuka mteremko mrefu unaoishia njia panda, pale penye kiwanda cha mbao. Fundi anaendesha vizuri, pengine vizuri kupita kiasi, maana ameanza kusimulia habari za mteja aliyeleta kitambaa cha blauzi akitaka litoke gauni. Lori la mchanga likachomoza upande wa kiwanda.

Barafu akakanyaga breki yake.

Pedali ikashuka mpaka sakafuni, laini, kama amekanyaga mto wa usufi. Gari halikusikia chochote. Akakanyaga tena. Akafungua mdomo apige kelele, na mdomo nao haukutoa kitu, kwa sababu miaka ishirini na moja ameufundisha kunyamaza.

Kilichowaokoa ni mguu wa fundi cherehani. Gari lililia, likateleza, likasimama. Kati ya boneti na gurudumu la lori ungeweza kupitisha mkono, usithubutu kupitisha na bega.

Fundi akageuka, midomo imekauka. "Mwalimu! Mbona hukukanyaga?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi: breki yangu imekufa. Lakini uso wa mwalimu ulikuwa umeshajipanga wenyewe, tabasamu limeshakaa mahali pake, na sauti ikatoka baridi kama siku zote.

"Nilikuwa nakupima."

"Unanipima? Na lori lile?"

"Ungekuwa hujaiva ningekanyaga. Umeiva. Weka gia, twende."

Fundi akacheka na kulia kwa pamoja, akaweka gia.

Adhuhuri haijafika, darasa zima lilikuwa limesikia. Jioni akasikia mwenye shule, mama mmoja anayejua biashara kuliko anavyojua magari. Kabla ya mwisho wa wiki, ukuta wa nje ulikuwa umepakwa maandishi mekundu: HAPA MWALIMU HAKANYAGI BREKI, UNAKANYAGA WEWE. Watu wakaja kujiandikisha kwa ajili ya ukuta ule. Barafu akawa mtu wa kuoneshwa kidole sokoni, na sitasema kwamba hakuona raha. Aliona, tena sana.

Ila nimeruka kitu. Mchana wa Jumanne ileile, wenzake walipokwenda kula, alilala chali chini ya dashibodi akamulika kwa simu. Pini ilikuwa imedondoka, na fimbo ya chuma inaning'inia kama mkono uliovunjika. Kilichotakiwa ni kuandika kwenye daftari la gereji kwamba gari la bluu lisitoke. Lakini daftari lile lina sehemu inayouliza: hitilafu imegunduliwaje? Akaitazama sehemu hiyo muda mrefu. Kisha akachukua msumari wa inchi tatu, akaupitisha kwenye tundu la pini, akaukunja ncha kwa koleo na kuuzungushia waya mara nne. Akaibonyeza pedali kwa mkono. Pedali zote mbili zikashuka.

"Kesho nitatafuta pini," akajisemea.

Kesho yake asubuhi Kengele alichutama, akatazama, akasema, "Ipo."

"Ipo," akajibu Barafu.

Sasa usije ukaniuliza mbele ya safari habari hizi zinahusu nini. Zinahusu msumari, na watu walioshuka mteremko ule kila siku juu ya msumari ule, na mtu mmoja tu aliyejua.

Siku kumi na moja hazikuwa na neno. Ya kumi na mbili ilikuwa Jumapili, mchana, mpira kwenye televisheni. Barafu yuko kwenye sofa na shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu wa maneno mengi na kazi chache. Mara moyo ukaruka. Haukuongeza mwendo kidogo kidogo, uliruka, kama mtu kausukuma kwa nyuma. Vidole vikaanza kuchomachoma, midomo ikafa ganzi, ukuta wa mbele ukasogea mbali, na hewa ya sebule nzima ikawa haitoshi.

"Shemeji," akasema, "nakufa."

"Bado dakika kumi na tano, ngoja filimbi."

"Nakufa, nakuambia!"

Shemeji akageuka na kumwona, rangi imemtoka, shati limelowa, mguu wake wa kulia umekandamiza zulia mpaka goti linatetemeka. Akapiga kelele kumwita dada yake. Mke wa Barafu akaja na unga mikononi. Walimbeba mpaka kwenye gari la jirani. Njiani akaanza kuusia: redio ni ya binti mkubwa, suti azikwe nayo.

Hospitali wakambandika waya kifuani, wakasubiri, wakautazama mstari unaotoka kwenye mashine. Moyo mzima. Presha ya kawaida. Na kibaya kuliko vyote, wakati wanamwambia hivyo alikuwa ameshapona kabisa, amekaa kitandani anaona aibu.

"Suti ndiyo nimeicheka," alisema mkewe wakirudi. "Ile suti hata hai haikutoshi."

Basi kila mtu akawa daktari. Mkewe alisema vidonda vya tumbo. Mama mkwe akasema gesi. Shemeji alisema kwa sauti ya chini kwamba wanaume wengi wanaoanguka hivi huwa wana nyumba ndogo mahali na siri imewalemea, akapigwa mwiko wa mgongo na dada yake. Hapo shemeji alikaribia kugonga msumari kichwani, masikini, ila alikosea tu aina ya siri.

Tukio la pili lilimkuta kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa. Akavua kitambaa shingoni, akatoka mbio, akatembea mtaani upande mmoja mweupe upande mmoja mweusi, watoto wakimfuata kwa kelele. Tangu siku hiyo hakurudi kwa kinyozi. Akaacha na sofa. Akaacha foleni ya benki, akaacha kukaa katikati ya safu kanisani na harusini alikoalikwa, mahali popote ambapo mlango uko mbali. Hofu ilianza kama mgeni wa siku moja, sasa ilikuwa inapanga vitu vya nyumba. Nusu ya siku aliogopa, nusu nyingine aliogopa kuogopa.

La tatu lilimkuta mbele ya watu. Mwenye shule alikuwa na mtindo mpya: kila darasa jipya likianza anamwita fundi cherehani, aliyekwisha kupata leseni na kununua kigari chake kidogo, aje asimulie siku ya lori. Fundi alikuwa msimuliaji hodari. Kila mara lori linakuwa kubwa zaidi.

"Mimi nikamwangalia mwalimu," anasema, tepu inaruka shingoni, "nikajua mguu wake uko pale pale, unaningoja. Lakini hakukanyaga! Alinitazama tu, hivi, kama anayetazama mvua. Ndiyo maana leo napeleka wanangu shule mwenyewe. Nikifika njia panda nasema moyoni, wewe uliiva, mwalimu alikupima."

Darasa likapiga makofi. Barafu alikuwa amesimama mlangoni, na moyo ukaruka. Alipoanguka, alishika kibao cha alama za barabarani kikaja naye mpaka chini.

Mwenye shule alimwita ofisini. "Baba, sikufukuzi. Lakini kifua hicho si cha kwenda nacho barabarani. Kaa darasani ufundishe alama. Gari la bluu alichukue Kengele."

"Mama, gari la bluu..."

"Lina nini?"

Barafu akameza. "Lina klachi nzito kidogo. Amwambie mwanafunzi asikurupuke."

Ndivyo alivyosema. Mtu mzima na akili zake.

Mkewe ndiye aliyempeleka kwa daktari wa pili, kwenye zahanati ndogo yenye mabenchi ya mbao. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa kandambili chini ya meza, viatu vimekaa pembeni vinapumzika. Alisoma karatasi zote za hospitali kabla hajasema neno.

"Mzee, moyo wako ni mzima. Hata mimi nautamani."

"Kwa hiyo najifanya?"

"Sijasema hivyo. Hili tunaliita shambulio la hofu. Mwili una king'ora. Hatari ikija kinalia, moyo unakimbia kupeleka damu miguuni ili na wewe ukimbie. Mbele ya lori ni kitu kizuri." Barafu akakohoa. Daktari akamtazama, akaendelea. "Lakini ukiwa kwenye sofa huna pa kukimbilia. Unavuta hewa nyingi kuliko unayohitaji, vidole vinakufa ganzi, kichwa kinazunguka, unasema nakufa. Ukisema nakufa, king'ora kinaongeza sauti. Kinazunguka hivyo dakika kumi, ishirini, kisha kinachoka chenyewe."

"Nani anakiwasha?"

"Mara nyingi si mmoja. Kahawa vikombe vingapi?"

"Vitano."

"Nane," alisema mkewe.

"Unalala?"

"Nafumba macho."

"Kwenu kuna mwingine mwenye hali hii? Mama? Baba?"

Barafu akafikiri. Baba yake alikuwa na tabia ya kuondoka kwenye mikutano katikati, anakwenda kusimama nje peke yake ameshika nguzo. Walisema ana maringo. "Labda baba," akasema.

"Na kazi yako ni nini hasa?"

"Kukaa."

Daktari akacheka. Alipoelezwa habari za kukaa pembeni na kumeza, hakucheka tena. "Unashika pumzi mara ngapi kwa siku? Mara hamsini? Zidisha kwa miaka ishirini na moja. Na kabla ya shambulio la kwanza, kuna kitu kilitokea barabarani?"

"Hakuna. Hata mkwaruzo."

Alijibu haraka mno, kama aliyekuwa na jibu mfukoni. Daktari aliacha kalamu mezani.

"Mtu anaweza kuvunjika bila mkwaruzo," alisema. "Na kuna wakati, mzee wangu, king'ora kinalia kwa sababu mwizi yumo ndani kweli. Hilo waya wa hospitali hauwezi kulisoma." Akampa kidaftari. "Kila likija, andika. Saa, mahali, ulichokunywa, na neno la mwisho ulilosikia kabla halijaanza. Anza na yale yaliyopita, kadiri unavyokumbuka."

Barafu aliandika kama anavyojua kuandika, yaani kama ripoti ya barabarani. *Saa nane mchana. Mahali: sofa. Kasi: sifuri. Hali ya hewa: nzuri. Kahawa: viwili.* Mkewe alisoma begani kwake akauliza kama kuna majeruhi. Sehemu ya neno la mwisho aliiacha wazi. Wiki nzima aliiacha wazi. Alikata kahawa ikabaki kikombe kimoja, akajifunza kutoa pumzi polepole akihesabu mpaka saba, na kweli mashambulio yakapungua makali. Lakini hayakuondoka. Yalikaa tu pembeni, kama watu wanaongoja kuitwa.

Alhamisi, saa tatu na nusu asubuhi, alikuwa peke yake darasani. Wanafunzi wake wa alama walikuwa hawajafika. Asubuhi hiyo Kengele alikuwa amepimiana na mwenye shule mwenyewe, kwa kuwa walimu hawatoshi. Barafu aliwasikia kupitia dirishani. Ipo. Ipo. Moyo ukaruka.

Akashika ukingo wa meza, akahesabu, shambulio likapita. Akafungua kidaftari, na kwa mara ya kwanza akaandika neno la mwisho: *Ipo.*

Akalitazama. Akarudi ukurasa wa kwanza, kwenye sofa. Shemeji alisema nini kabla ya ule moyo kuruka? Akakumbuka, kwa sauti yake na kila kitu: Shemeji, nasikia gari lenu la bluu ndilo linalotoa madereva wazuri, nataka nimpeleke mwanangu. Kwa kinyozi je? Kinyozi alikuwa anamwambia, huku mashine inanguruma sikioni: Mzee Barafu, mke wangu amejiandikisha kwenu, nimemwambia asikubali mwalimu mwingine. Darasani ilikuwa fundi cherehani na lori lake. Foleni ya benki, mtu mmoja nyuma yake aliyataja maneno ya ule ukuta kwa sauti, akacheka.

Hapakuwa na shambulio hata moja lililokuja bure. Kahawa ilikuwa kweli, usingizi ulikuwa kweli, baba kushika nguzo ilikuwa kweli, na hofu ya kuogopa ilikuwa kweli kabisa. Lakini chini ya vyote hivyo kulikuwa na msumari wa inchi tatu uliozungushiwa waya mara nne, na mwili wake ulikuwa unamwambia kila siku, kwa lugha pekee aliyouachia, kwamba kuna watu watakufa na wewe unajua.

Akatazama ratiba ukutani. Gari la bluu, mteremko wa kiwanda cha mbao. Mwanafunzi wa kwanza: mke wa kinyozi.

Alipiga simu ya Kengele. Ikaita kwenye droo ya ofisini, mita tatu kutoka alipo. Ni kanuni ya shule: mwalimu haendi na simu barabarani. Kanuni aliyoipendekeza yeye.

Alitoka mbio akapanda pikipiki ya kukodi. Na mtu aliyeendeshwa na maelfu ya watu, hajawahi kupakiwa nyuma ya pikipiki. Hakuna pedali pale. Mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga hewa.

"Mzee, unanivunja mbavu!"

"Kimbiza!"

"Nakimbiza, lakini niachie pumzi!"

Kifua kikaanza. Vidole vikachoma, midomo ikaganda, barabara ikasogea mbali. Safari hii hakusema nakufa. Alijua ni nini, na kujua huko hakukupunguza chochote, wasikudanganye watu. Alijua tu kwamba anaweza kutetemeka na kwenda kwa wakati mmoja. Walipofika juu ya mteremko aliliona gari la bluu, limeshaanza kushuka, polepole, kichwa cha mke wa kinyozi kikiwa kimenyooka kama cha askari. Chini, kwenye kiwanda cha mbao, magari yalikuwa yanakatiza.

"Lipite! Lipite, simama mbele yake!"

"Nisimame mbele ya gari la mwanafunzi? Wewe mzee una akili?"

Lakini mwenye pikipiki alilipita. Mita hamsini mbele Barafu alishuka pikipiki haijasimama, akaanguka kwa magoti, akainuka katikati ya barabara na mikono juu. Alijipeleka mwenyewe mbele ya gari ambalo alijua breki moja tu ndiyo ya uhakika, nayo iko chini ya mguu wa mtu mwenye masomo matano. Mke wa kinyozi akapiga kelele na kukanyaga. Gari likasimama hatua mbili kutoka magotini mwake.

Kengele alishuka na sauti yake yote. "Umerukwa? Kaka, umerukwa na akili? Ungeuawa!"

"Breki yako haina pini," alisema Barafu. Alikuwa anahema vibaya, maneno yanatoka moja moja. "Ni msumari. Niliweka mimi. Siku ya lori. Sikuwa nampima mtu. Nilikanyaga na haikushika."

Wanafunzi watatu waliokuwa wakingoja zamu kwenye kiti cha nyuma walikuwa wameshusha vioo. Walisikia kila kitu.

Kengele alivuta breki ya mkono, akalala chali pale chini ya dashibodi, miguu yake nje barabarani. Alikaa huko muda. Alipotoka, alikuwa na msumari mkononi, waya bado umeuzunguka. Ulikuwa mzima. Haukuwa umelika, haukuwa umelegea. Pengine ungeshika mwaka mzima, pengine ungekatika asubuhi hiyohiyo. Nimewauliza mafundi wawili, kila mmoja ana lake.

"Nimechutama mara ngapi?" aliuliza Kengele. Ile sauti ya kuvunja vyombo haikuwepo. "Kila asubuhi nakuambia ipo, na wewe unaniambia ipo. Unanitazama usoni."

"Ndiyo."

"Nina watoto wawili."

"Najua."

"Usiniite dada tena," alisema, na kuanzia siku ile hakumsemesha.

Mwenye shule alimsimamisha kazi kabla ya saa sita. Ukuta ukapakwa chokaa, ingawa ukisimama upande wa jua maandishi bado yanaonekana kwa chini. Siku ya tatu mkewe alimwambia, "Afadhali ungekuwa na nyumba ndogo," kisha akamwekea chakula. Usiku ule Barafu alilala kweli, mara ya kwanza kwa wiki nyingi, na kwa siku tano akaamini amepona. Siku ya sita alikuwa anafunga kamba za viatu, hakuna aliyesema neno lolote, na moyo ukaruka. Alirudi zahanati akilalamika kama mtu aliyeuziwa dawa bandia: mwizi si ameshatolewa? Daktari akasema king'ora kilichojifunza kulia huchukua muda kusahau. Muda gani, hakumwambia.

Jumamosi iliyofuata alikuwa amekaa kwenye ngazi za mlango wake alipomwona fundi cherehani anakuja. Kwa miguu, jua kali, tepu shingoni.

"Karibu, fundi. Umeacha wapi gari?"

"Nyumbani." Hakukaa. "Nimesikia kwa watu. Nataka kusikia kwako. Siku ile mguu wako ulikuwa wapi?"

"Ulikuwa sakafuni. Nilikanyaga mara mbili."

"Kwa hiyo nilikuwa peke yangu."

Barafu alihisi tabasamu linataka kujipanga. Akalizuia. "Ulikuwa peke yako."

Fundi alitikisa kichwa polepole, kama anayepima kitambaa kwa macho na kukuta kimepungua. "Juzi niliingia kwenye gari kupeleka watoto. Nimeshika ufunguo, vidole vikafa ganzi. Midomo hii yote. Kioo cha mbele kikaenda mbali. Nikasema nakufa, na watoto wako nyuma wanaimba."

Barafu aliijua kila hatua ya njia ile. Angeweza kumtajia inayofuata.

"Si kufa," alisema. "Inafanana, lakini si kufa. Ilianza lini?"

"Tangu uliposema ukweli." Alimtazama moja kwa moja. "Kabla ya hapo nilikuwa mzima, mwalimu. Nilikuwa nashuka ule mteremko kila siku naimba nao. Itaisha lini?"

Miaka ishirini na moja hajawahi kukosa neno la kumpa mwanafunzi.

"Sijui," alisema. "Yangu haijaisha."

Fundi hakuondoka. Aliketi ngazi ya chini, akampa mgongo, mikono imeshika magoti. Barafu akamwonesha namna ya kutoa pumzi kwa kuhesabu. Fundi akaanza, kwa sauti ndogo. Alipofika nne, lori lilipita mtaa wa pili. Akanyamaza, akangoja mpaka mngurumo uishe kabisa, kisha akaanza tena, moja.